Picha ya Harusi kwa Wakala wa Bima

Simu ilipolia, mke wa fundi vioo alikuwa akipaka gundi kwenye fremu ya dirisha. Aliyepiga alikuwa mteja, na sauti ilikuwa ikimkatika. Alisema fundi alifika kwake na kioo cha kabati, akakiegemeza ukutani taratibu, akakaa chini kuvuta pumzi. Hakuinuka tena.

“Kwa nini?” mke akauliza.

Ndilo lilikuwa neno lake siku zote, hata mumewe akambandika jina la Bi Kwanini. Safari hii hakukuwa na wa kumjibu. Mungu alikuwa amemchukua mja wake.

Kesho yake, nyumba imejaa waombolezaji, wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alimvuta chumbani. Wakala wa bima alikuwa amepiga simu kutoa pole, akamwambia dada huyo kwamba mnufaika aliyeandikwa kwenye bima ya maisha ya fundi ni yeye dada, si mke.

“Wifi, naapa sikujua. Nilidhani alinitoa siku alipokuoa. Hata nilimnunia wiki nzima!”

“Basi ulimnunia bure.”

Wakacheka, kisha wakashikana wakalia.

Bila fedha zile, Bi Kwanini asingeweza kulipia chumba cha kazi, na kazi ya vioo ndiyo aliyoijua. Lakini kilichomnyima usingizi ni swali: mume aliyempenda vile, kwa nini hakumwandika? Kesho yake asubuhi mawifi wakafuatana hadi kwa wakala.

Ukutani, kati ya kalenda na feni, kulikuwa na picha ya harusi ya Bi Kwanini na mumewe.

“Hiyo imefikaje huku?” akauliza, macho yamemtoka.

“Aliileta mwenyewe, shemeji, mara tu baada ya kuoa. Akasema, ‘Mke wangu ndiye huyu, sasa mnamjua.’ Nikampongeza, nikaibandika. Kumbe mwenzangu alidhani ndiyo ameshakuandikisha!”

“Na wewe hukumwambia kuna fomu?”

Wakala akainamisha kichwa. “Sikumwambia.”

“Kwa hiyo kuoa hakubadilishi jina la mnufaika?”

“Hakubadilishi. Tunamlipa aliyeandikwa. Ila kwa masharti ya bima hii, michango iliyotoka kwenye jasho lenu wawili baada ya ndoa, mke ana haki ya kudai sehemu yake. Ukidai kabla hatujalipa, malipo yanasimama.”

“Na tukielewana?”

“Mnatia sahihi wote wawili, tunagawa mnavyotaka.”

Bi Kwanini akashusha pumzi. Kumbe alikuwa ameandikwa, ila mahali pasipo penyewe.

“Lete kalamu,” wifi akasema. “Nusu kwa nusu. Chumba cha kazi hakifungwi mimi nikiwa hai. Na nusu yangu siiachi, goti hili linataka daktari.”

“Hata kujifanya unakataa kidogo, wifi?”

“Nijifanye kwa nani? Wewe si unanijua?”

Wakatia sahihi, wakarudi nyumbani kuvaa nguo za mazishi.

Marehemu alizikwa alasiri ile. Mafundi wenzake walibeba jeneza, kiongozi wa ibada akasoma sala, ukaimbwa wimbo mmoja. Mke alitupa udongo kwanza, kisha wifi yake, kisha wengine. Kaburi likafukiwa, yakawekwa maua. Watu walitawanyika polepole, na mawifi wakaondoka mwisho, mmoja amemshika mwenzake mkono. Mungu amlaze mahali pema.