Aliyemnyonyesha Mdogo Wangu

Kwa miaka mingi kazi ya kutafuta nasaba yetu niliibeba mimi. Kaka yangu anayenifuata ana gereji mtaa wa Ghala, na muda wake wote unaishia chini ya magari ya watu. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa akisoma. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, mama alipokufa, na labda ndiyo sababu nikavipenda sana vitu vilivyoandikwa. Nilitaka wadogo zangu waweze kumtaja babu wa babu bila kubabaika, pale mtu wa hapa Maskati anapokisikia Kiarabu chetu na kuuliza, kwa upole au kwa kejeli, asili yetu hasa ni wapi.

Nilikwenda mpaka wilaya ya milimani alikotoka babu kabla ya kuhamia Unguja, miaka mingi kabla wazee wetu hawajarudi huku. Nilikaa barazani kwa sheikh wa kabila mpaka akachoka kuniona, akaniitia mzee wa kijiji anipeleke kwenye shamba la mitende lililowahi kuwa letu. Nilizunguka makaburini, nikarudi mikono mitupu, kwa sababu makaburi ya huko hayaandikwi majina. Mawe mawili, mawe matatu, basi. Nilikwenda pia kunakohifadhiwa karatasi za zamani za Unguja, nikazisoma polepole, kidole juu ya mstari, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kaka yangu akinitania. "Dada amekuwa polisi wa maiti," alikuwa akiwaambia wageni. "Ukifa usimwachie anuani."

Nilipomaliza niliichora shajara yetu ya nasaba kwenye karatasi kubwa, nikaitia fremu na kuitundika sebuleni. Yalikuwa majina ya wanaume, baba juu ya baba. Mama alikuwemo kwa sababu nilikataa kumwacha. Niliona nimemaliza kazi.

Kisha ikaja posa ya mdogo wangu.

Kijana mwenyewe tulimjua. Anauza magari Wattaya, na alikuwa akimletea kaka yangu wateja. Alikuwa akija kwetu Ijumaa, anakula pilau yangu na kuisifu mpaka kaka anamwambia anyamaze, maana chakula chote kitakwisha kwa sifa. Naye ni wa watu wa Unguja kama sisi. Mdogo wangu ni mwalimu, si mtu wa kucheka ovyo, lakini Ijumaa hizo alikuwa akiimba jikoni. Mimi niliyemlea nilijua maana yake kabla hajaniambia.

Mama yake kijana alishafariki, kwa hiyo posa ililetwa na shangazi yake, mama mtu mzima, mzito, mwenye sauti ya chini. Tulikunywa kahawa, tukala halwa, tukakubaliana karibu kila jambo. Wakati wa kuondoka akasimama mbele ya ile shajara, akavaa miwani, akaisoma hadi chini kabisa, kwenye jina la mdogo wangu. Akaniuliza kama huyu ndiye yule mtoto aliyefiwa na mama yake kabla ya arobaini. Nikasema ndiye.

"Alinyonya kwa nani?" akauliza.

Nikaitazama shajara, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Yapasa nieleze ilivyokuwa. Baba alitangulia, kwa ajali ya gari, mama akiwa mjamzito. Mama akajifungua salama, halafu homa ikampata, nayo haikumwacha. Tulikuwa tukikaa Wattaya, nyumba ya kupanga nyuma ya maduka, na matanga yakakaliwa humo. Wanawake walijaa kila chumba. Mimi nilikuwa mtu wa jikoni na mlangoni, nikipeleka kahawa na kurudi na vikombe, na mtoto nimembeba begani. Maziwa ya kopo aliyatema. Alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka. Mtu akaja akamtoa mikononi mwangu, na baadaye nikarudishiwa amelala, tone la maziwa pembeni mwa mdomo. Akilia tena, anachukuliwa tena. Nyuso sizikumbuki. Nakumbuka mikono, yenye hina na isiyo na hina. Nilichokitaka ni anyamaze, naye alinyamaza. Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, njaa ilikuwa imemfundisha chupa.

Jamaa za baba walitaka kutugawa, kila mmoja nyumba yake. Nilikataa. Nikaacha shule, nikapika mikate ya kumimina na sambusa za kuuza, na tukabaki watatu chini ya dari moja. Hilo nililishika sana. Kumbe kulikuwa na jingine la kushika, na sikulijua.

Kwa dini yetu, aliyenyonya kwa mwanamke ni mtoto wake, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawaoani. Hili kila mmoja wetu analijua tangu utotoni. Shangazi yake kijana hakuja kuvunja jambo. Alisema wifi yake, mama wa kijana, alihudhuria matanga yetu, na wakati huo alikuwa ananyonyesha, maana kijana ana mdogo wake. "Alirudi nyumbani analia," akasema. "Akaniambia, masikini kile kitoto. Basi. Mie sikumuuliza zaidi, nami leo najuta kama wewe."

Siku ya pili nikaanza kutafuta. Nilidhani najua kutafuta. Lakini safari hii hapakuwa na baraza la kukaa wala karatasi ya kusoma. Alichokinyonya mdogo wangu hakikuandikwa na kadhi, na hakikuandikwa hospitali. Kilikuwa vichwani mwa wanawake waliohudhuria matanga ya mama, na nilipokaa kuwataja mmoja mmoja, nikakuta wengi wao nimewazika mwenyewe. Mmoja alikuwa akikaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Mwaka aliokufa, mimi nilikuwa nikienda milimani kila likizo kuulizia jina la babu wa babu. Nilimpitia mara nyingi njiani, nikampungia mkono.

Nikatuma ujumbe wa sauti kwenye makundi ya simu ya mama zetu. Majibu yalikuja kutoka kila pembe, Sohar, Unguja, mpaka Uingereza. Wengine walimlilia mama upya. Mmoja alinikumbusha kuwa sinia lake la siku zile halijarudi. Mwingine aliapa kuwa yeye ndiye aliyenyonyesha, tena anakumbuka sura ya mtoto, mvulana mweupe mwenye nywele za singa. Mvulana nyumbani mwetu alikuwa kaka yangu, na wakati huo alikuwa darasa la tatu. Nilipomsikilizisha ujumbe huo alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo wangu naye alicheka kidogo, akanyanyuka, akaenda chumbani.

Hakuwa amenihimiza hata siku moja. Ila nikirudi nyumbani alikuwa akinivua mkoba begani na kunitazama usoni, kisha ananiuliza kama nimekula.

Mwishowe jina moja likatajwa na watu wengi: bibi mmoja wa Matrah, aliyekuwa akimsaidia mama tangu uzazi wake. Nilidhani amekufa. Alikuwa hai, anakaa kwa mjukuu wake, kwenye uchochoro unaopanda nyuma ya soko. Niliteremka kwenye teksi barabarani, nikapita katikati ya watalii na harufu ya ubani, nikapanda ngazi mpaka magoti yakauma.

Macho yake yalikuwa yamefifia lakini alinijua kwa sauti. Akanishika kidevu. "Weye ulikuwa na shingo kama kuku wa mwezi wa kiangazi," akasema. "Sasa umenenepa, alhamdulillahi. Umeolewa?"

Nikamwambia sikuolewa.

"Basi umekuja kutafuta mume kwangu? Mie wangu mwenyewe alinikimbia."

Mjukuu wake akacheka, nami nikacheka, kisha nikamweleza lililonileta. Bibi akanivuta karibu. Akaniambia kwamba zamani kwao Unguja, mwanamke akimpa ziwa mtoto wa mwenziwe alikuwa akisema kwa sauti, waliopo wasikie, na bwana wake aambiwe, na majirani wajue, ili watoto wakikua wasije wakaoana. Ilikuwa haiandikwi lakini ilikuwa haipotei. Lakini siku ile, akasema, kila mtu alikuwa analia. Tulikuwa watu wa juzi mjini, majirani hawajuani. Yeye mwenyewe alimpa ziwa mtoto, ingawa maziwa yake yalikuwa yamekwisha, ili apate kunyonya kitu. Wengine wawili alikumbuka majina yao, na watoto wao hawakutuhusu. Nikamuuliza juu ya mama wa kijana.

"Nnamkumbuka," akasema. "Alikaa karibu na mlango wa ndani, na kitoto chake mapajani. Nilimwona anampokea mdogo wako. Akamwingiza ndani ya shela. Mtoto akanyamaza."

"Alimnyonyesha?"

"Shela ilimfunika, mwanangu. Pengine alimpa ziwa. Pengine alimtia kidole mdomoni. Nikikwambia nimeona, nimesema uongo. Nikikwambia hakumpa, pia nimesema uongo." Akautafuta mkono wangu. "Ungekuja wakati mwenzangu wa matanga yale yuko hai. Yeye alikaa ubavuni pake. Amekufa Shaabani iliyopita."

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi.

Kaka yangu na kijana walikwenda pamoja kwa sheikh. Walirudi na maneno ambayo kaka aliyarudia kwangu taratibu, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Wako wanazuoni wanaosema hata mnyonyo mmoja unatosha kuharimisha, na wako wanaosema mpaka mara tano. Lakini kabla ya kufika huko, lazima ijulikane kwamba alinyonya. Hapa haijulikani. Kwa hiyo ndoa haiwezi kusemwa ni haramu. Ila mwenye shaka akijiepusha amejisalimisha. Halafu sheikh akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: wakiacha kuoana, wasije wakakaa kama ndugu pia, kwa kupeana mikono na kuonana bila ya shela, maana udugu nao haukuthibitika.

Kijana alisema yeye yuko tayari kuoa. Alisema mbele ya kaka, bila ya haya, na macho yake yalikuwa mekundu. Akasema mtu hawezi kuadhibiwa kwa shela iliyomfunika mtoto mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa hajui kuvaa viatu. Kaka yangu alikuwa upande wake, na kwa siku chache mimi pia nilikuwa upande wake.

Mdogo wangu alinisubiri mpaka Ijumaa, tukiwa wawili jikoni, anachambua mchele. Akaniuliza bila kuinua uso.

"Dada, wewe ndiye uliyenipokea niliporudishwa. Unadhani alininyonyesha?"

Ningeweza kusema hapana. Mimi ndiye mama aliyemjua, na neno langu lingetosha. Angeliamini na kulishika maisha yake yote. Nililiona neno lenyewe, fupi, limekaa mdomoni tayari.

"Sijui," nikasema.

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Basi kila mtoto nitakayemzaa akipata homa nitasema ni lile. Akianguka, ni lile. Nitamchukia baba yao bure, na yeye hana kosa." Akasukuma sinia kwangu. "Mwambie kaka awarudishie jibu. Lakini awaambie vizuri."

Kaka aliwaambia vizuri. Shangazi wa kijana alinipigia simu, tukalia wote wawili, hatukusema mengi. Kijana hakuja kwa miezi kadhaa. Wateja wake wakaendelea kuja gereji, mmoja mmoja, na salamu zake zikija nao kwa kaka tu.

Mdogo wangu anafundisha kama kawaida. Siku moja tunaanika nguo aliniambia jambo ambalo bado linanikaa. Kwamba ingejulikana kweli alinyonya, angelia sana, lakini baadaye angempata kijana yule awe kaka yake. Angemwalika kwenye futari, angemwambia habari za shule, angemchagulia mke na kumtia makosa kila mwanamke. "Sasa kwake sina mume wala kaka," akasema, na kubana nguo ya mwisho.

Nikalibeba beseni tupu. Nimefika milimani kutafuta watu ambao mifupa yao imeshakuwa udongo, na waliokaa kwenye matanga ya mama yangu walikuwa hapa hapa, nauli ya teksi, wanakunywa chai na kusubiri mtu wa kuwauliza.

Idi iliyopita kijana alikuja na shangazi yake. Shangazi akaingia ndani kwetu, akamkumbatia mdogo wangu, akamshika kwa muda. Kijana alikaa na kaka kwenye majlisi ya wageni, na mlango wa jikoni ukarudishwa. Mimi ndiye niliyepeleka kahawa. Alikuwa amekonda. Akanisalimia kwa heshima, akainamisha kichwa kama zamani, kisha akanyanyua sauti kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akimtazama kaka.

"Wote hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo," kaka akajibu.

Niliporudi jikoni nilimkuta mdogo wangu amesimama nyuma ya mlango, kisu cha halwa mkononi. Alikuwa amesikia. "Sijambo," akasema, kwa sauti ambayo niliisikia mimi tu, na akaendelea kukata.