Makunyanzi Yaliyokataa Kufutika

Mwaka huo ni ule tuliokula michembe mpaka tukaanza kuitania. Mahindi yaligoma shambani, na si sisi wa Buhongwa tu tuliozaliwa na michembe, hata wenye magari ya vioo vyeusi walikuwa wanasimama barabara ya Shinyanga kununua hivyo viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, wakifika kwao wanavichemsha na kuvila kwa karanga kama watu wengine wote. Nautaja mwaka kwa chakula kwa sababu tarehe sizishiki, lakini aibu niliyoipata naishika vizuri, hadi leo nikiikumbuka najifunika khanga usoni hata nikiwa peke yangu jikoni. Naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mwajuma, maana yeye akipika habari anamimina chumvi yote. (Herufi amenipitia mjukuu wangu Kabula, kwa nini, mtaona.)

Kabula ni mtoto wa mwanangu Masanja, lakini nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Alipomaliza shule akajiunga na kikundi cha maigizo, na baba yake akawa hataki hata kusikia, alishampangia aende Kahama akakae dukani kwa shangazi yake. Mtoto akalia siku mbili, chakula hagusi. Mwisho Masanja akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, macho yako nayaamini kuliko yangu. Kuna hilo tamasha kubwa la sanaa, Kabula kapewa nafasi ya mbele kwenye mchezo wao. Nenda ukamtazame. Ukiniambia ni kazi, abaki. Ukiniambia ni kucheza tu, Jumatatu anapanda gari la Kahama."

Basi mjue siku hiyo nilibeba nini.

Kabula akaniletea ratiba, karatasi ndefu kama shuka ya mtoto, imeandikwa mbele na nyuma, hema hili lina hiki, ukumbi ule una kile, michezo ya kusema, michezo ya kuimba, mpaka ya watu wasiosema wala kuimba wanaorukaruka tu. Akachora duara kwa kalamu nyekundu. "Bibi, wetu unaitwa Kura. Saa nane kamili mchana. Ni habari ya kuchagua mwenyekiti wa soko. Na usishtuke, mimi ni bibi kizee, wananipaka makunyanzi mpaka mama mwenyewe hanijui. Karatasi usiiache, Bibi."

"Karatasi ya nini?" nikamwambia. "Jina fupi hivyo hata mbuzi angelishika. Mimi nimesoma mpaka la tatu, lakini kichwa changu kilienda mpaka chuo kikuu."

Jamani, yeye alilitamka vizuri, na mimi nikalisikia vizuri. Kosa lilikuja nilipolitia mdomoni mwangu.

Siku ya siku, asubuhi, nimeshakaanga karanga za njiani, natafuta cha kuzifungia, mfuko sina, gazeti sina, na ile ratiba iko pale mezani imenyooka vizuri. Nikaifungia karanga. Ndiyo hiyo tu. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye karanga.

Nilikwenda na Mwajuma, jirani yangu, fundi cherehani, mtoto wa mjini ambaye babu zake ni Wamanyema wamechanganyika na sijui nani na nani, Kiswahili chake kimenyooka kama pindo la gauni analoshona, na mimi ulimi wangu wa Kisukuma ndio kicheko chake cha kila siku. Miwani yake aliiacha nyumbani kwa makusudi, eti inaharibu ushungi.

Tulifika mapema, na kuchagua mchezo pale ni kama kuchagua samaki mwaloni wanakoshushia wavuvi, kila mmoja anakuita. Mwajuma anataka wa kuimba. Mimi nataka wa kusema, kwa sababu mtu akiwa na jambo si aliseme? Tukawa tunasimama kwenye pazia la hema, tunasikiliza, watu wakicheka tunaingia, wakinyamaza tunapita. Mwisho akanishinda, tukaingia kwenye wa kuimba, na humo kuna bwana kachomwa kisu, badala ya kuita majirani anaimba, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, na wenzake waliomzunguka badala ya kumbeba wanaitikia. Ubeti wa nne nikashindwa. Nikasema kwa sauti, "Si mumpeleke hospitali!" Watu wakageuka. Mwajuma akanifinya paja.

"Minza, unatutia aibu."

"Aibu ni yao, mtu anakufa wao wanaimba."

Tukatoka, tukamaliza karanga, karatasi nikaikunja nikaitupa kwenye pipa, maana mimi si mchafu. Duara jekundu na kila kitu.

Saa nane inakaribia, nikamwendea binti mmoja wa tamasha, wale wenye fulana za njano. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nionyeshe mchezo wa Kula uko wapi." Akatazama karatasi yake. "Kula? Hema la bluu, kule chini ziwani, saa nane." Saa ileile! Nikamgeukia Mwajuma (ambaye jina alikuwa amelisikia kwangu tu), nikamwambia umeona, karatasi ya nini?

Tukakaa mstari wa mbele kabisa. Mchezo ukaanza, na kumbe nao ni wa kuimba, ni harusi, watu wanakula pilau hawamalizi, bwana harusi hapati hata mfupa. Mwajuma roho yake kwatu. Mimi natafuta mwenyekiti wa soko simwoni, nikajiambia uchaguzi utakuja baada ya chakula, si ndivyo unavyokuja siku zote? Mara akatokea bibi kizee, mgongo umepinda, fimbo inatetemeka, anaimba kwamba ameletwa harusini kukalishwa nyuma ya nguzo kama gunia. Sauti nzuri! Mwili ukanisisimka. Nikasema hii ni kazi. Masanja atajua leo.

Sasa, kwetu mtu akifanya vizuri unamtunza hapohapo, husubiri kesho. Nilikuwa na kitenge kipya kwenye mkoba kwa ajili hiyo. Nikapiga vigelegele, nikapanda ngazi za jukwaa huku nacheza (magoti yangu siku hiyo yalikubali kila kitu), nikamvisha kitenge mabegani, nikamkumbatia, nikageukia watu.

"Mnamwona huyu? Huyu mjukuu wangu! Ni binti mdogo kabisa, hajaolewa!"

Hema zima likacheka. Mimi nikaona hawaamini. Nikasema, "Hamwamini?" Nikashika ncha ya khanga, nikaitia mate, nikamshika kidevu, nikaanza kumfuta makunyanzi.

Nikafuta shavu hili. Hayatoki. Nikaongeza mate, nikafuta paji la uso kwa nguvu kama ninavyosugua sufuria. Hayatoki. Yule bibi akanishika mkono polepole, akanisogelea sikioni.

"Dada," akasema, "haya nimeyapata kwa kuzaa watoto tisa. Kwa mate hayatoki."

Nikamtazama machoni. Mtu wa rika langu! Labda kanizidi miaka miwili. Na wapiga muziki hawakuacha kupiga, wakapunguza tu, wanasubiri kuona nitafanya nini tena, na watu wamewasha simu zote zinanitazama mimi. Akaja bwana mmoja wa kulinda hema, mpole lakini mkono wake uko tayari. "Bibi, naomba utoke jukwaani." Mtu mwenye akili angetoka. Mimi nikafikiria gari la Kahama, nikafikiria Masanja anasubiri neno langu na neno lenyewe sina, nikapanga miguu, nikasema kwa sauti mpaka wa nyuma wakasikia:

"Sitoki hapa mpaka nimwone mjukuu wangu."

Makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Yule bibi mwigizaji, Mungu ambariki, hakukasirika. "Mjukuu wako yuko mchezo gani?"

"Kula."

"Hii ndiyo Kula."

"Sasa mmempeleka wapi?"

Hapo Mwajuma akasimama kule chini, ameshika kiuno. Ametambua. "Wewe Minza! Kula ya mdomo au kura ya kupiga?"

"Ya kupiga!" nikamjibu. "Ya mwenyekiti wa soko!"

Nimeishi miaka mingi, sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile, kuna mzee mmoja alishuka kwenye kiti akakaa chini kabisa. Kwetu hizo herufi mbili ni mapacha, ukiita mmoja anaitika yeyote, na sikuwahi kuona hasara yake hadi siku hiyo. "Hiyo iko ukumbini, kule juu," yule bibi akaniambia, na bado kitenge changu kipo mabegani mwake. "Imeshaanza. Kimbia dada, kula huku tutakula sisi." Akataka kukivua. Nikamwambia kaa nacho, umekifanyia kazi.

Tukapanda kile kilima cha mawe mimi na Mwajuma, viatu mkononi, yeye anacheka huku anahema, mimi nalia huku nahema. Mlango wa ukumbi umefungwa. Bawabu akasema mchezo ukishaanza haingii mtu. Mwajuma akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha pindo, "Baba, huyu bibi ametoka kuaibika mbele ya halaiki kwa sababu ya mlango huu. Mfungulie kidogo tu, aibu yake isiende bure." Akafungua kidogo. Tukajipenyeza tukasimama nyuma kabisa.

Jukwaani kuna foleni ya watu sokoni, na mwisho wa foleni kuna bibi kizee amepinda. Nikajiambia, Minza, nyamaza, huyu naye anaweza kuwa bibi wa watu.

Yule bibi akafika mbele kwa karani. Akaweka mkono kiunoni, ule wa kushoto. Akasema, "Nimekuja kupiga kula." Na karani akamletea sahani ya wali.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ule mkono kiunoni ni wangu. Ile pumzi anayovuta kabla ya kusema ni yangu. Ule ulimi ni wangu. Nimemlea miaka yote nadhani ananisikiliza, kumbe ananichukua vipimo.

Akaisukuma ile sahani kwa fimbo, taratibu. "Tumbo langu limeshiba tangu Jumapili," akasema. "Leo nimekuja na kidole." Akakinyoosha juu kidole cha kutia wino.

Ukumbi ukalipuka, watu wakasimama. Nikajiziba mdomo kwa ile khanga yenye mate, nisije nikaharibu na huu. Kilichonitoka kifuani ni pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Buhongwa. Niliwahi. Nimekosa mwanzo, lakini nimemwona.

Tunatoka tu, simu ikalia. Masanja. Video imeshamfikia.

"Mama, nimekuona kwenye simu unamsugua bibi wa watu uso."

"Umeniona."

"Sasa kama wewe uliyemlea umemkosa, hiyo kazi umeionaje?"

"Nilikosea hema, sikukosea kazi," nikamwambia. "Sikiliza Masanja. Mtoto huyu kanichukua mgongo, kanichukua mkono, kanichukua na ulimi, watu wamesimama kumpigia makofi. Hiyo ni kazi. Kama si kazi basi ni wizi, na mwizi namna hiyo humpeleki Kahama kuuza sabuni."

Nikamsikia anacheka, taratibu, kicheko cha marehemu baba yake. "Basi abaki," akasema.

Tangu siku hiyo karatasi yenye maandishi siifungii karanga, naweka kwenye bakuli, na jina la mchezo sitaji kwa mdomo, namnyooshea mtu karatasi aone mwenyewe. Mwajuma naye anavaa miwani. Ila siku ile ilikuwa haijaisha. Kabula yuko ndani anafutwa makunyanzi (ya kwake yanatoka), nami nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, na bawabu ameshika ufagio anataka kufunga.

"Rudi nyumbani, Mama," Masanja ananiambia, simu bado hatujaikata, "watu wanakucheka mpaka Kahama."

"Waache wacheke," nikamwambia. "Sitoki hapa mpaka nimwone mjukuu wangu."