Magitaa Yangu Mawili ya Studio, na Shemeji Ambaye Mke Wangu Anataka Kumleta Nyumbani Kwangu

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lificheni, lakini hasira yangu iacheni kama ilivyo. Mimi ni mwanaume wa miaka sabini na miwili, mkaaji wa Kindu, komini ya Kasuku. Nina mke mmoja, nitamwita Mama Zaina, tumeishi pamoja zaidi ya miaka arobaini na tano. Mwezi huu nimehamia chumba cha nyuma na sisemi naye. Mtasema mzee mzima ananuna kama mtoto. Someni kwanza.

Wakati nchi hii ikiitwa Zaire, nilikuwa mpiga solo katika okestra moja ya hapa. Mchana nilifanya kazi kwa mfanyabiashara Mgiriki. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka yao, alipanda treni akaniachia magitaa yake mawili ya umeme. Moja jekundu, jembamba, la sauti kali na safi. Jingine la kahawia, lenye tumbo, la sauti nzito. Sikuyapeleka kwenye dansi hata siku moja. Dansi ni jasho, pombe na vumbi, na umeme wa siku zile ulipanda na kushuka unavyotaka. Kwa dansi nilikuwa na gitaa bovu, shingo yake imefungwa waya. Yale mawili yalitoka kabatini kwa kurekodi tu, katika chumba kidogo cha redio ambacho kuta zake zilibandikwa magodoro. Kabla ya kuyashika nilinawa mikono kama mtu anayekwenda kuswali. Chekeni mkitaka, lakini sijapenda kitu namna ile tena.

Mdogo wake mke wangu, nitamwita Salumu, alipiga gitaa la kusindikiza. Siku moja tukijiandaa kurekodi, nilitoka kidogo. Kurudi nikamkuta amelipakata lile jekundu, sigara mdomoni, majivu yakiangukia nyuzi. Nilimpiga kofi mbele ya okestra nzima. Nikamwambia hayo si magitaa ya kuchezea, wala ya kupigia kelele za chama. Neno hilo la mwisho lilinitoka tu. Wote wakageuka kutazama mlango. Enzi zile chama kilikuwa kimoja, na mtoto alizaliwa akiwa mwanachama.

Baada ya majuma mawili tukaamriwa kupiga uwanjani kumpokea mkubwa wa chama kutoka Kinshasa. Nilikwenda na gitaa langu bovu, likawa linakatakata sauti mbele yake. Kesho yake asubuhi vijana wa chama wakaingia nyumbani kwangu, wakaenda moja kwa moja kabatini. Hawakutafuta pengine popote. Wakayabeba magitaa, na mimi pia.

Nilikaa kasho, yaani mahabusu yao, siku ishirini na sita. Mkuu wao alinisomea maneno yangu kwenye karatasi, yote, hata lile la kelele. Akaniuliza taratibu, akiniita raia kwa Kifaransa cha chama, "Kumbe sisi njo kelele, sitoyeni?" Kisha akaamuru mkono wangu wa kushoto ulazwe mezani. Vidole viwili havikunjiki tangu siku ile. Magitaa wakayapiga kwenye maandamano yao, juani na mvuani, mpaka la kahawia likapasuka tumbo. Jekundu sikuliona tena.

Nani aliwaambia? Mimi niliamua ni mpiga besi wetu, kwa sababu muda mfupi baadaye alipata kazi katika ofisi ya chama. Sikumsalimia tena maisha yake yote. Alipokufa, jeneza lake lilipita mbele ya nyumba yangu nikafunga mlango. Mjane wake alinisalimia sokoni, nikatema mate chini.

Mwezi uliopita Salumu aliletwa kutoka machimbo ya Kama, alikokuwa akichimba dhahabu, amepooza upande mmoja. Nilikwenda hospitali kumwona, nimembebea machungwa. Akaomba wengine watoke.

"Shemeji, njo mimi nilisema kwa wale vijana," akaniambia. "Ulinipiga mbele ya watu sababu ya gitaa, mbao tu."

Nikamuuliza kama ananiomba msamaha.

"Sijui. Nakuambia sababu naona kufa. Lakini hata wewe ulikuwa unatuzarau."

Nilitoka bila kuaga. Nyumbani nikamkuta Mama Zaina anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza yote, nikingoja alie, au amlaani ndugu yake. Hakuacha kutwanga. Akasema anajua, Salumu alimwambia mimi nikiwa ningali kasho. Na huyu mke wangu ndiye aliyekuwa akiniletea chakula kule kila asubuhi, akinilisha kwa mkono wake kwa kuwa wangu ulikuwa umevimba. Nikamuuliza aliwezaje kuniacha nimchukie mtu asiye na kosa mpaka kaburini.

"Ningekuambia, ungemuua," akasema. "Ningebaki bila bwana na bila ndugu."

Halafu ndipo akaniambia jambo lake. Salumu hana mke wala mtoto wa kumtunza, kwa hiyo anataka kumleta hapa kwetu. Nikikataa, atahama pamoja naye. Nikamkumbusha magitaa yangu na vidole vyangu. Akaweka mchi chini.

"Magitaa ilikuwa mbao, Baba Zaina. Huyu iko muntu."

Nikabeba mkeka wangu nikatoka. Ndiyo maana niko chumba cha nyuma. Nikimsikia Mama Zaina anakohoa upande wa pili wa ukuta, natamani kwenda kumuuliza kama ameshiba, kisha namkumbuka akinilisha kule kasho huku anajua, na ninabaki palepale nilipo.

Ijumaa hospitali inamtoa Salumu. Mke wangu amekwisha kufua mashuka ya chumba cha mbele. Mjane wa mpiga besi yu hai, anauza ndizi hapahapa Kasuku, na kwake pia sijathubutu kufika. Msiniandikie kwamba kusamehe ni kuzuri. Hilo nilifundishwa nikiwa mdogo. Nishaurini kama watu wenye mikono iliyowahi kuumizwa: Ijumaa nifungue mlango au niufunge? Na yule mama wa ndizi, nikisimama mbele yake, neno la kwanza liwe lipi?