Viganja vya Mwana

Hadi leo nikipita Kona ya Musa na harufu ya hina mbichi ikanijia kutoka kwa wale kina mama wanaopamba maharusi, huanza kutazama viganja vya watu. Msinicheke kabla sijamaliza.

Wazazi wangu walihamia Kikoneni kutoka Ukambani, tukapakana na bibi mmoja wa Kidigo, Mwislamu, jina lake Mwanakombo. Watu wote walimwita Mwana. Mama alipokwenda kulima, mimi nilishinda jikoni kwa Mwana, nikisukwa nywele na kula mihogo ya nazi. Nyanya mwingine wa karibu sikuwa naye.

Kisha nikaanza mafundisho ya ubatizo katika kanisa letu la mabati. Mwalimu alitwambia kuna Mungu Baba na Mungu Mwana, na kwamba huyo Mwana alipigiliwa misumari mikononi, akafa, akafufuka na makovu yake. Mwana niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu.

Tangu siku hiyo nikamwekea jicho. Mbona alinawa uso mchana kweupe, akajifungia chumbani na kunong'ona? Alinong'ona na nani? Na mbona kila kiganja chake kilikuwa na doa la mviringo la hina, katikati, pale pale pa misumari? Nilishuku kuna kinachofichwa. Hata mama nilimshuku, kwa jinsi alivyompa shikamoo juu ya ua akaendelea na jembe lake, asipige hata goti, kama asiyejua anamsalimu nani.

Siku moja akinisuka nikashindwa kujizuia.

"Mwana, misumari ilikuuma?"

Akataka kujua misumari gani. Nikamweleza kwamba nimeshamgundua, yeye ndiye Mungu Mwana. Kitana kikamponyoka. Akasema astaghafirullah mara kadhaa, kisha akauliza taratibu, "Ni mamako aliyekutuma uje kunikejeli?"

Nikatikisa kichwa, machozi yananilengalenga. Niliona tayari mlango wa jiko lile ukifungwa, nami niko nje.

Akanikunjulia viganja vyote viwili.

"Kwaruza, mwanangu. Hii ni hina tu. Mimi ni mja. Nilizaliwa na mwanamke, kwa uchungu, nikanyonya, nikalia. Mungu hawi hivyo."

Nikakwaruza kwa ukucha. Kovu halikuwapo. Akamalizia kunisuka, akanipakulia mihogo, na jioni akaenda kwa mama. Nilisikia sauti zao kali mwanzoni, halafu kicheko. Baadaye mama alinifafanulia kwamba Mwana wa kanisani maana yake ni mtoto, ndiye Yesu. Nilimsikiliza, lakini moyoni nilibaki na shaka.

Krismasi ya juzi nilikuwa kanisani, mtoto wangu mchanga mapajani, likasomwa lile somo la Mwana kuzaliwa na mwanamke na kulazwa horini. Yale yale ambayo bibi yule alinitajia kuthibitisha kwamba yeye si Mungu, ndiyo mimi naambiwa Mungu mwenyewe aliyapitia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kitana kilimponyoka.

Nami nasadiki. Ila kila nikitamka Mwana, viganja ninavyoviona kwanza vina hina.