Kinga ya Gari la Mzee Klachi

Mzee Klachi, ambaye mwezi uliopita tulimlaza kaburini karibu na mkewe, hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu nje, na gari jingine likipita barabarani alisema, "Huyo klachi yake haimalizi wiki." Wiki ikiisha, mwenye gari huyo aliletwa akivutwa kwa kamba. Miaka thelathini na minne alifanya ufundi katika ua mmoja uliozungushiwa mabati, penye shimo la kuingilia chini ya magari na benchi lililolowa oili mpaka halikuhitaji rangi. Mungu alimpa sikio la ajabu. Lakini karatasi zilimletea usingizi.

Maisha yake yote aliendesha magari ya watu, na ya kwake yalikuwa makuukuu aliyoyaunga kwa vipande vya mengine. Mkewe, aliyestaafu upishi wa shule ya bweni, alikuwa na ulimi wa kutosha wapishi wanne. "Gari letu lina wazazi watano," aliwaambia wageni, "na wote wamelikana."

Ndipo figo za mkewe zilipokufa, zote mbili, katika mwaka mmoja. Daktari alisema damu yake itasafishwa kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, maisha yake yote. Hospitali yenye mashine ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari.

"Na siku tukikosa?" Fundi aliuliza.

"Mkikosa siku moja, tutahangaika naye. Mkikosa mbili, mzee, sitakudanganya."

Lile gari la wazazi watano liliwaharibikia njiani mara mbili katika mwezi wa kwanza. Mara ya pili Fundi alilitengeneza juani huku mkewe amekaa kwenye jiwe, uso umevimba, akimwambia asiharakishe. Wiki hiyo aliuza kiwanja walichokuwa wakikitunza ili wajenge. Mkewe hakusema neno, na kwa mtu wa ulimi ule, hilo lilikuwa neno kubwa.

Walikwenda wote wawili kwenye duka la magari mapya. Sakafu iling'aa hata Fundi akavua viatu mlangoni, mkewe akamvuta sikio, "Vaa viatu, baba, hapa si kwa mtu." Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati jeupe na adabu nyingi. Bei ilipokubaliwa, akatoa karatasi nyingine.

"Mzee wangu, gari hili lina dhamana ya kiwanda miaka mitatu. Lakini je, mwaka wa nne? Sisi tuna mpango wa kinga. Rangi, viti, kutu, injini, giaboksi. Miaka sita."

Fundi alicheka. "Kinga ya rangi ni nta tu, kijana. Nta naijua bei yake. Nipe ya injini na giaboksi, rangi mwachie jua."

"Vinakwenda pamoja, mzee wangu. Havitenganishwi."

Mkewe alijiweka sawa kitini. "Mwanangu, hebu nielimishe. Miaka mitatu ya kwanza kiwanda kinatengeneza bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na kinga yenu inaanza kuhesabiwa lini?"

"Leo hii, mama."

"Kwa hiyo nusu ya miaka yenu mnatushikia mwavuli, na tayari tuko ndani ya nyumba?"

Kijana alicheka kwa uungwana, kisha akasema neno lililomaliza biashara. "Mama, hapa hamnunui kinga. Mnanunua usingizi."

Hakujua alichokigusa. Tangu safari za mashine zianze, Fundi alikuwa hapati usingizi kila mkesha wa hospitali, akiisikiliza kichwani injini ya lile gari bovu. Akaivuta karatasi na kuanza kuuliza, tena kwa makini, kama anayempima mwanafunzi wa ufundi.

"Giaboksi imo yote?"

"Imo."

"Na kompyuta yake?"

"Imo."

"Vali za ndani?"

"Zimo, mzee wangu, mpaka mipira ya kuzuia oili."

Alikitaja kila kifaa kwa jina, na kila kifaa kilikuwamo. Hivyo ndivyo fundi anavyouliza, hutaka kujua kilichomo ndani. Kitakachomtoa yeye nje hakukiuliza. Kilikuwa kimeandikwa ukurasa wa tisa, kwa herufi ndogo, na miwani yake ilikuwa nyumbani juu ya redio. Akasaini. Mkewe akasema, "Haya, Mungu atusimamie," nao wakaondoka na gari lenye harufu mpya.

Kesho yake gerejini palikuwa na sherehe ya maneno. Rafiki yake mnyoosha bodi, waliyeshirikiana naye ua huo tangu ujana, alilizunguka gari mara mbili.

"Wahenga walisema ajali haina kinga, wewe umekwenda kuinunua dukani!"

"Cheka tu. Lako likikwama njiani utanikumbuka."

"Sasa na oili? Utalipeleka kwao likabadilishwe na watoto waliovaa glavu, wewe ukae kwenye sofa unywe maji ya chupa?"

"Labda nife kwanza," Mzee Klachi alisema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Alimaanisha. Fundi wa miaka thelathini na minne kumpelekea mwingine gari lake limwagwe oili, hilo lingekuwa kama mkewe kwenda kuomba wali kwa jirani. Alilihudumia mwenyewe. Oili alinunua ileile iliyotajwa na kiwanda, wala si ya pipa. Kiwanda kiliposema badilisha baada ya kilomita elfu kumi, yeye alibadilisha baada ya elfu saba. Kila mara aliandika kwa chaki tarehe na kilomita chini ya boneti, kwa mwandiko wake wa kulalia upande, na risiti za oili akapangusia mikono. Hapakuwa na gari lililotunzwa kama lile. Aliamini, na nani angembishia, kwamba kwa kulitunza hivyo anaitunza na ile karatasi.

Miaka mitatu Mungu aliwapa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mkewe alikaa kiti cha mbele, kanga magotini, akisali kimya mpaka kona ya mwisho, kisha akifungua macho na kuanza kuwasema madereva wengine. Hawakukosa siku hata moja. Aliwapakata wajukuu wawili waliozaliwa katika miaka hiyo. Asiyemshukuru Mungu kwa miaka mitatu kama ile hajui kuhesabu.

Mwaka wa nne, mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, Fundi alikuwa akitoka sokoni peke yake. Gari lilishtuka likibadilisha gia, likashtuka tena, kisha injini ikanguruma na magurudumu yakakataa. Alizima, akawasha, akasikiliza. Alijua papo hapo. Lakini wale waliomkuta kando ya barabara wanasema alikuwa karibu kutabasamu. "Karatasi tunayo," aliwaambia.

Gari lilivutwa mpaka duka lile, ambako kwenye dawati la matengenezo alikaa dada mmoja mpole mwenye kompyuta mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba kijitabu cha sevisi."

Alimpa. Dada alifunua kurasa, zote nyeupe kama zilivyotoka kiwandani.

"Sevisi mlikuwa mnafanyia wapi?"

"Kwangu."

"Kwako ni gereji ipi? Imesajiliwa kwetu?"

"Mimi ni fundi, mwanangu. Nimetengeneza mwenyewe."

"Una risiti?"

"Mtu anajiandikia risiti mwenyewe?"

Dada hakucheka. Alifungua ukurasa wa tisa wa mkataba wa kinga, akamsomea polepole: sevisi zote zifanywe katika gereji zilizoidhinishwa na zipigwe muhuri, ikikosekana hata moja, mpango wote umekufa. Fundi alimwomba atoke nje, akamfungulia boneti. Dada aliinama, akaisoma chaki yote, safu nzima, mpaka ya mwezi uliopita.

"Mzee, gari hili limetunzwa kuliko mengi tunayoyatunza sisi," alisema. "Ningekuwa na uwezo ningekupitishia."

"Na kilichokufa ni vali. Oili haihusiki hata kidogo."

"Najua. Lakini sharti haliulizi kilichokufa ni nini."

Ukweli usemwe wote, maana uongo haumrudishi mtu. Pale pale alikuwapo mteja mwingine mwenye kijitabu kilichojaa mihuri. Injini yake ilipokelewa, wala hakuombwa hata shilingi. Karatasi haikuwa ya kitapeli. Ilitimiza ilichoahidi, kwa wale waliofuata njia yake. Mganga hajigangi, na karatasi ile haikumruhusu ajaribu.

Bei ya matengenezo waliyomtajia hawakuwa nayo. Alilikokota gari mpaka uani kwake, akarudi nyumbani na kumweleza mkewe, amesimama, kofia mkononi.

"Basi tutakodi," mkewe alisema. "Kwani wenzetu wanaendaje?"

"Nitaifungua mwenyewe. Siku nne tu."

"Ulishawahi kuifungua ya namna hii?"

"Giaboksi ni giaboksi."

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "kila mtu na shule yake. Hata mimi sikupika keki."

Jirani mwenye gari la kukodi alikubali kuwapeleka, ila kwa sharti lake: wamkodi mwezi mzima, ili siku tatu hizo asichukue mtu mwingine. Fundi alikataa. Siku nne, alisema, mwezi wa nini? Akamkodi siku kwa siku. Rafiki yake mnyoosha bodi alimwambia wazi, "Mkodi mwezi, ndugu yangu. Hilo gari si gumu, lina maringo, na wewe maringo hujui kuyatibu." Hakusikia. Aliyekuwa amekataliwa na dawati lile alitaka kulirudisha gari barabarani kwa mikono yake, wamwone.

Jumatano walikwenda vizuri. Alhamisi giaboksi ilikuwa imetandazwa juu ya benchi, vipande zaidi ya mia mbili, kila kimoja kwenye gazeti lake. Ijumaa walikwenda, na Jumatatu iliyofuata, na Jumatano. Siku ya nne ilikuwa imeshapita zamani. Vali moja ilikuwa ikisubiriwa kutoka mji mwingine.

Ijumaa ya pili yule jirani wa gari la kukodi hakuja. Alikuwa amepata wageni wa kuwapeleka mbali kutwa nzima, na hakuwa na deni la ahadi kwa mtu. Fundi aligonga milango, akapiga simu, akasimama barabarani. Walipofika hospitali ilikuwa saa tisa mchana, na mashine ya mkewe alikuwa amepewa mtu mwingine.

"Rudini kesho asubuhi," nesi aliwaambia. "Mashine zote zina watu, lakini mmoja asipotokea, mama atapata nafasi yake."

Kesho yake walikuwa kwenye benchi la korido kabla ya mlango kufunguliwa. Wagonjwa wakaanza kuingia mmoja mmoja, na Fundi alimhesabu kila aliyeingia kama anayehesabu waliompora. Akamnong'oneza mkewe, "Omba, mama. Omba mmoja akwame."

Mkewe alivuta pumzi mara mbili ndipo akaweza kusema. "Siwezi kumwomba Mungu mwenzangu akose. Na yeye ana wa kwao."

Wote walitokea.

Nesi aliwasihi wasiondoke, angetafuta kitanda. Mkewe akasema amechoka, anataka kulala kwake, Jumatatu si mbali. Jumapili alfajiri hakuweza kulala chali; maji yalikuwa yamemjaa kifuani, na kila pumzi ililia kama mlango mbovu. Jirani wa pili aliwabeba kwenye pikapu ya kubebea saruji. Alifika akiwa hai. Walipokuwa wakiandaa mashine, alikata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Walimfunika. Nesi, aliyemzoea miaka yote hiyo kama mama yake, alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akauliza tu, kama mtu anavyouliza msibani, "Mzee, Ijumaa mlipatwa na nini?"

Naye Mzee Klachi akamjibu. Alianza na vali, jinsi inavyofungua njia ya oili, na jinsi ikikwama gia ya pili haishiki. Akaeleza mipira, chujio, kompyuta. Akasema oili ilikuwa safi, angetaka angemwonyesha. Akasema kilichobaki ni kifaa kimoja, kidogo hivi, akapima kwa vidole, na kwamba kingefika kesho. Nesi alikuwa ameshaitwa kitanda kingine. Fundi aliendelea kueleza, kwa utaratibu, bila kuruka kipande, uso ukielekea shuka, mpaka waliokuja kuuchukua mwili wakamwomba asogee kidogo.