Maziwa ya Kulowesha Ulimi

Nimebeba vitu vizito katika maisha yangu. Mawe ya timbo, mchanga wa mto, marobota ya mkonge, na tangi la chuma la kanisa moja la Sagalla ambalo madereva wengine waliliangalia wakasema mlima hulipandishi. Mimi nililipandisha. Shule niliiachia darasa la sita, nikaanza kwa kukata mkonge wa watu, na leo malori matatu yanayopita Mwatate yakipiga honi ni yangu, na lile duka la simiti na mabati pale sokoni ni langu pia. Waulize. Lakini mzigo mzito kuliko yote ulikuwa maziwa ya mama mmoja, hayakufika nusu kijiko, na niliyapeleka Voi kwa lori la tani kumi.

Mke wa mwanangu alijifungua kabla ya wakati. Mwanangu yuko Arabuni, anaendesha trela huko, kwa hiyo mambo yote yalinijia mimi. Presha ilimpanda yule msichana, madaktari wakampasua, wakatoa mtoto wa kiume ambaye ngozi yake ilikuwa nyembamba hata unaona mishipa. Hospitali aliyojifungulia iko milimani na haina mashine ya kuwapasha watoto joto. Mtoto akashushwa Voi kwa ambulensi siku ile ile, mama akabaki kitandani. Aliporuhusiwa kutoka, kidonda kilikuwa kimetunga usaha, na kule Voi wakasema haingii chumba cha watoto wachanga mpaka kikauke. Nikamleta nyumbani kwangu Mwatate. Mtoto akawa kule, maziwa huku, na katikati barabara ya ndovu.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Upepo ulikuwa unainua vumbi jekundu tangu asubuhi, na ndovu walikuwa wamezoea kuvunja matangi ya watu. Ng'ombe waliokufa waliachwa walipoanguka. Ukipita barabarani unaona korongo, wale ndege wala mizoga, wamesimama kandokando, hawana haraka.

Nyumbani mambo yalikuwa kimya namna nisiyoipenda. Siku msichana alipoletwa, mke wangu alichukua zile nguo ndogo zilizonunuliwa, akazikunja, akazitia katika mfuko, akaupandisha juu ya kabati. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijua. Kabla ya huyu mwanangu wa Arabuni tulizaa mtoto wa namna hiyo, mdogo hivyo, akakaa siku chache akaondoka. Wanawake walimzika nyuma ya migomba na mimi nikaambiwa niliporudi kutoka kazini. Tangu siku ile mke wangu akisikia mtoto amezaliwa mapema, huwa hapongezi.

Safari yangu ya kwanza Voi nilikwenda kama mimi. Nilibeba katoni nzima ya maziwa ya kopo, aina ya bei ya juu, nikaiweka juu ya meza ya muuguzi. Alikuwa mama mfupi, mtu wa magharibi kwa lafudhi yake. Sote tulimwita sista.

"Asante mzee," akasema. "Haya ni akiba. Ya mama mtoto yako wapi?"

"Mama hana. Yanatoka matone."

"Lete matone."

"Sista, mimi ni mtu wa kazi. Nitoe gari Mwatate kwa sababu ya matone?"

"Gari gani?"

"Lori."

"Basi nafasi iko."

Wamama waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Alinipeleka kwenye kioo, akanionyesha mjukuu wangu, kichwa kama ngumi yangu, mpira umepita puani, na mashine pembeni inahesabu kitu ambacho sikukielewa.

"Tumbo la mtoto kama huyu linaweza kuharibika akiwa hai," akasema polepole. "Linajaa, linaoza kwa ndani. Nimewaona. Maziwa ya kopo ni chakula, sikatai. Ya mama ni chakula na ni askari. Hata yakiwa ya kulowesha ulimi tu, leta. Siahidi kitu. Lakini usinipe kazi ya kumlinda peke yangu."

Mimi nauza simiti. Ukijenga tangi la maji, kuna unga fulani unachanganya kwenye simiti, pakiti ndogo ambayo fundi mvivu huiruka kwa sababu haionekani kuongeza kitu. Tangi lisilo na ule unga linatoka jasho, halafu linapasuka. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Kumwambia mke wangu ndiyo ilikuwa kazi.

"Maziwa ya mtu hayatembezwi barabarani, baba watoto," akasema. "Yataonwa na macho ya kila mtu. Yakimwagika chini, hata hayo machache ya kifuani yatakauka."

"Hayatamwagika. Mimi ndiye nitakayebeba."

"Wewe? Baba mkwe abebe maziwa ya mke wa mwanawe?"

Hapo alikuwa na haki. Kwetu kuna mpaka kati ya baba mkwe na mke wa mwana. Sikuwahi kukaa naye meza moja, sikuwahi kuingia chumba chake. Tukikutana njiani, mmoja wetu anakumbuka jambo upande wa pili. Sasa ati nishike kikombe chenye maziwa yake. Tukakubaliana hivi: atakamua chumbani, mke wangu atapokea, atakifunika kikombe na kukifunga kwa leso, na mimi nitakabidhiwa kitu kilichofungwa, kama mtu anayetumwa mzigo asioujua.

Barafu nilipata kwa yule anayeuza aiskrimu nje ya shule ya msingi. Alikuwa na sanduku la ziada, la buluu, lenye picha ya aiskrimu nyekundu ubavuni. Hilo ndilo nililokuwa nikiliweka juu ya kiti cha mbele cha lori. Waendesha boda wa stejini walinijua siku ya pili tu.

"Mzee, biashara ya mawe imekufa? Unauza aiskrimu?"

"Nipe ya ndimu, mzee."

Dereva wangu, tuliyekata mkonge pamoja tukiwa vijana, aliwajibu, "Hii ni ya wakubwa, nyinyi meno yatawauma." Mimi nilitazama mbele. Siku nyingine kikombe kilikuwa na kidole cha maziwa, siku nyingine nusu ya hapo. Sista alipokea bila kupima kwa macho, jambo ambalo mimi nisingeweza. Mimi napima kila kitu kwa macho.

Halafu dada ya mke wangu akafiwa na mume huko Njukini. Mke wangu akaenda matangani, akaniacha na msichana na mpaka wetu. Alituachia utaratibu: msichana akimaliza, ataweka sanduku kwenye dirisha la jikoni, atakohoa, ataondoka. Mimi nikisikia kikohozi nitakuja kuchukua. Ilifanya kazi vizuri tu.

Mpaka asubuhi moja ambayo kikohozi hakikuja.

Nilikuwa uani, lori linanguruma, dereva ameshapakia mawe ya mteja. Mfukoni nilikuwa na simu ambayo sista alikuwa amenipigia kulipopambazuka. Alisema, "Mzee, uje mapema leo. Tumbo limeanza kujaa." Hivyo tu. Msichana nilikuwa sijamwambia. Ningemwambiaje, na kwa mdomo gani, mtu ambaye hata salamu tunatumiana?

Nikasogea hadi dirishani, nikaupa ukuta mgongo, nikaangalia tangi la maji.

"Mama," nikasema. "Gari iko tayari."

Halafu nikasikia sauti yake karibu sana, nyuma ya wavu wa dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha peke yetu.

"Baba, leo usiende."

"Kwa nini?"

"Ni aibu. Nimekamua tangu alfajiri, hayajafunika hata kitako cha kikombe. Yanakauka." Akavuta pumzi. "Mama aliniambia kabla ya kwenda matangani nisijichoshe. Alisema mtoto wa namna hii huwa anapita tu."

Mawe ya mteja yalikuwa yanangoja, dereva ananiangalia. Na mimi, nakuambia ukweli, nilimwelewa msichana. Mtu akiniletea dukani simiti ya kujaza kiganja, namfukuza. Lakini simu ilikuwa mfukoni.

"Nimebeba mawe ya watu maisha yangu yote," nikamwambia lile tangi, "na sijawahi kuyauliza kama ukuta utasimama. Kazi yangu ni kufikisha. Weka hapo dirishani."

Halafu sanduku likagusa saruji ya dirisha, na akakohoa.

Baada ya kupita mashamba ya mkonge tukawakuta ndovu. Dume mmoja alikuwa amesimama katikati ya lami, wengine kichakani, masikio wazi. Dereva akazima injini bila kuambiwa. Unapozima injini ya lori mahali kama pale ndipo unajua jinsi nchi ilivyo kimya. Yule dume hakutufanyia lolote. Alituangalia tu. Jua lilipiga kioo, na mimi nikasikia barafu ikitulia ndani ya sanduku, ikiyeyuka.

"Bosi," dereva akanong'ona, "tukirudi nyuma kidogo, tuite askari wa wanyama?"

"Haturudi."

"Mimi nasema tu. Mtoto ni wa Mungu."

"Na lori ni langu. Kaa."

Tulikaa. Nikaliweka sanduku mapajani, nikalifunika kwa koti langu jeusi la harusi na matanga. Dume akaondoka alipotaka mwenyewe, kwa hatua za mtu aliyekula mali yake.

Hospitalini nilimkuta mama mmoja kwenye korido, mmoja wa wale waliocheka benchini. Alikuwa anakunja leso, anaikunjua, anaikunja tena. Ndani, kitanda kilichokuwa karibu na cha mjukuu wangu kilikuwa kimetandikwa upya. Sikuuliza.

Tumbo la mjukuu wangu lilikuwa limevimba na kung'aa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Ule mpira wa puani ulikuwa haupitishi chakula tena.

"Tumesimamisha kila kitu," sista akasema. "Kopo, maji, yote. Tumboni hapaingii kitu mpaka litulie. Anapata dawa na maji ya mshipa."

Nikaangalia sanduku langu lenye picha ya aiskrimu. "Basi haya nimeleta ya nini?"

"Hayo ndiyo peke yake anayoruhusiwa," akasema, na akaninyooshea mkono. "Hayaendi tumboni. Ni ya mdomoni."

Alinawa. Akavuta yale maziwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na yalikuwa ya kulowesha ulimi kweli, kama nilivyoambiwa siku ya kwanza. Akadondosha tone kwenye pamba, akapaka ndani ya shavu moja, kisha la pili. Yalitosha. Nasema yalitosha na yakabaki ya jioni. Kidevu cha yule mtoto, kidogo kama punje ya harage, kikatikisika. Alikuwa anaonja.

Nikatoka nje nikampigia msichana. Sikupitia kwa mtu.

"Ameyapata," nikasema. "Anataka mengine."

Nikasikia kiti kikivutwa, kisha kikombe kikiwekwa mezani. Kuhusu tumbo sikumwambia siku ile. Mteja wa mawe alitukana hadi akachoka, na mawe yalifika kesho yake.

Tumbo lilishuka taratibu, likapanda kidogo, likashuka tena. Maziwa hayakuongezeka kamwe. Yalibaki vile vile mpaka mtoto alipotoka hospitali kwa nguvu ya yale ya kopo. Sista hakuwahi kuniambia ni lipi lililomwokoa, na mimi sitasema nisichokijua. Mke wangu aliporudi kutoka Njukini aliliangalia sanduku dirishani kwa muda. Kesho yake aliushusha mfuko kutoka juu ya kabati, akafua nguo moja. Moja tu. Nyingine akazirudisha.

Sasa mjukuu wangu anatembea. Amepewa jina langu, kama inavyotakiwa, na kwa ukaidi ananishinda. Kifua chake lakini si cha kuaminika, hasa vumbi linapoanza. Msichana na mimi tumerudi kwenye mpaka wetu, hatusemeshani ila kwa lazima. Lakini mtoto akikohoa huko jikoni, mama yake hanitafuti. Anatoka naye, leso mkononi, na anakuta injini ya lori imeshawaka.