Injini Iliyozimika Mlangoni mwa Ruvuma

Shemeji yangu wa hiari, mke wa rafiki yangu na muuguzi mstaafu, alinipigia simu juma lililopita nikiwa katikati ya safu nyingine kabisa, ya korosho. Hakulia. Alisema, "Shemeji, injinia ametutoka. Tumeshamzika, huku kwao Njombe. Sikutaka usafiri na mvua hizi." Nyuma ya sauti yake nikasikia mvua ikipiga bati la nyumba ambayo sijawahi kuiona. Korosho nimeiweka pembeni. Wasomaji wangu wa siku nyingi wataniwia radhi, kwa kuwa leo nataka kusimulia jambo ambalo sijawahi kuliandika, maana kila nilipokaa kuliandika niliona nitaonekana nimepungukiwa akili. Sasa aliyelijua kuliko wote hayupo, na nikinyamaza mimi, litakwenda naye.

Injinia na mimi tulifahamiana Mtwara katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwakilishi wa gazeti moja la Dar es Salaam, yeye mhandisi wa mitambo bandarini. Sote tulikuwa watu wa kuja. Alikuwa mrefu, mpole, hakosi ibada ya Jumapili, na akikusikiliza alikuwa akiinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza mashine. Ujanani alisoma ng'ambo na huko akajifunza urubani. Nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Shangani, alijenga ndege. Sisemi ndege ya kuchezea. Ilikuwa ndege ya watu wawili, ya mbao na alumini, aliyoijenga kwa michoro iliyokuja kwa posta. Injini aliitoa kwenye kigari cha Kijapani cha mashindano kilichopinduka. Ilikuwa injini ya ajabu. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna pande la chuma la pembetatu linalozunguka tu, na pembeni aliiachia tabo yake, kile kipulizio kinachoisindilia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake yenyewe. Mlio wake haukufanana na mlio wowote niliowahi kuusikia. Haukunguruma. Ulivuma kama mtu anayeimba amefumba mdomo, ukapanda, ukawa mwembamba, mpaka mbwa wa mtaani wakahama.

Kibali cha majaribio kilimruhusu kuruka peke yake, mchana, bila kupita juu ya makazi. Hivyo njia ilikuwa moja: anaondoka uwanjani, anapita mbali na nyumba za kijiji cha Ziwani, anafuata mikoko hadi pale Ruvuma inapoingia baharini, anageuka, anarudi. Mwanzoni shida zilikuwa za kawaida. Tabo ilipata moto ikawa nyekundu kama kaa, ikababua nyaya za jirani. Akaikinga kwa bati na kuitobolea njia ya upepo. Oili ikavuja, akabadili mpira. "Ugonjwa unaoonekana siuogopi, ndugu mwandishi," aliniambia siku moja huku akifuta mikono. Kisha ukaja usioonekana. Akiwa juu ya mlango wa mto, kwenye ile kona ya kurudi nyumbani, injini ilikohoa, ikavuma tena kidogo, ikazima. Alisema kilichomtisha zaidi ni ukimya: upepo mtupu kwenye mabawa, na chini yake maji ya kahawia yasiyo na mtu. Aliinamisha pua ya ndege akaiacha iteleze, na kabla hajaifikia mikoko, injini ikawaka kama iliyoshtuka usingizini. Aliporudi alifungua kila kitu: plagi, chujio, nyaya, tabo, hata tenki alilimwaga akalichungulia. Vyote vizima. Akaruka tena, ikazima palepale. Akabadili pampu ya petroli, ikazima palepale.

Mjini watu walishaanza kusema kwamba pale mlangoni mwa mto pana wenyewe. Yeye hakubishana nao. Alinipakia kwenye pikipiki yake tukaenda kijiji cha Mahurunga, kuwauliza watu ambao ndege ilikuwa ikizimia juu ya vichwa vyao. Bonde lao la mpunga linashuka hadi kwenye mikoko, na huko ukingoni tulimkuta mama mmoja mtu mzima akipeta mchele. Alizaliwa ng'ambo ya mto, Msumbiji, akavuka na wazazi wake wakati wa vita, akabaki. Tulimwamkia, akatuitikia, akatusogezea kigoda na gogo.

"Mama," injinia alimwuliza, "siku ndege ilipozima, uliisikia ikikohoa kwanza?"

"Siku ipi, baba? Nnaisikia mara nyingi, kule kwenye nkoko. Yakohoa, yalia kidogo, yanyamaza."

"Imezima siku chache tu, na siku hizo nazijua."

"Hizo ni zile ulizokuja mwenyewe." Hakuacha kupeta. "Sie kwanza twaisikia. Kuiona, ntu ataiona baadaye."

Mimi nilicheka. Yeye aliinamisha kichwa. "Baadaye kiasi gani, mama?"

"Siku nyingine kesho yake. Siku nyingine jua likigeuka tu."

Njiani kurudi, mahali pasipo na nyumba wala shamba, alisimamisha pikipiki akaizima. Akasikiliza. Hapakuwa na kitu ila nyasi. Mwisho akasema, taratibu, kama anayesahihisha hesabu ya mtu mwingine, "Sauti husafiri na upepo, hilo najua. Lakini sijawahi kuiona ikimtangulia mwenyewe." Akaiwasha pikipiki tukaenda zetu.

Baada ya hapo ndege ikapona. Aliruka tena na tena, injini ikavuma kwenda na kurudi bila kukohoa. Tulimpongeza, na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi hospitalini, akatupikia pilau. Kesho yake nikamkuta ameshachomoa betri na kuifunika ndege turubai. Nilimwuliza mbona anaifungia nayo imeshapona. "Imepona kwa dawa gani?" alinijibu. "Sikutengeneza chochote. Kilichoondoka bila mimi kitarudi bila mimi." Ndege ikakaa chini ya turubai, na mkewe akamshukuru Mungu waziwazi mezani.

Zikaja mvua za elnino. Kipindupindu kilipoingia vijiji vya mtoni nilikwenda Mahurunga kuandika habari, na nyuma yangu barabara ikakatika. Sitaeleza yote niliyoyaona kwenye ile zahanati. Wagonjwa walilala kwenye mikeka hadi nje barazani, na mganga wa zahanati alikuwa akiwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kwa sababu dripu zilikwisha. Ujumbe ulipelekwa mjini kwa redio ya kituo cha mpakani, Kilambo, na jibu likarudi kwamba dripu zitaletwa kwa boti bahari itakapotulia. Hakuna aliyetaja ndege. Mimi mwenyewe sikuifikiria.

Asubuhi moja mvua ilipumzika, na nikausikia. Nilikuwa nimesimama barazani na kikombe mkononi. Ule mvumo wa mdomo uliofumbwa ulikuja kutoka upande wa bahari, ukapanda, ukawa mwembamba. Ukakohoa. Ukavuma tena kidogo. Ukakatika. Niliangalia nyuso za wenzangu nikajua sikuusikia peke yangu, kwa maana mganga alibaki na kijiko hewani. Tulikimbilia bondeni, wanaume wawili wakaukokota mtumbwi. Tulipofika ukingoni, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko, na juu yake hapakuwa na ubao, wala moshi, wala utando wa petroli. Korongo weupe walikuwa wametulia juu ya miti. Kitu kizito kama kile kingeanguka pale, wasingebaki hata dakika. Tulipiga kelele, na hakuna aliyeitika.

Nikasema turudi kwa wagonjwa. Yule mama wa bondeni, ambaye alikuja nyuma yetu akiwa na fimbo, alikataa. "Ntumbwi ukae hapahapa," alisema. "Hiyo bado haijaja."

Mganga alirudi zahanati. Mimi na wale wanaume wawili tulikaa na mama yule, na hadi leo sijui kwa nini sikuondoka. Maji yalianza kutoka taratibu, mizizi ya mikoko ikajitokeza, kisha tope jeusi, pana, linalong'aa. Jua lilikuwa limegeuka tulipousikia tena, na safari hii kilitokea na kitu chenyewe: ndege ndogo nyeupe, juu ya mikoko, ikija kutoka baharini. Ilianza kugeuka kuufuata mto. Ikakohoa. Ikavuma tena kidogo. Ikakatika. Mmoja wa wale wanaume alilia kwa sauti. Ndege iliteleza bila mlio wowote, ikagusa tope, ikaburuzika, ikasimamia pua.

Mtumbwi ulimfikia injinia kabla maji hayajaanza kurudi. Alikuwa ameng'ang'ania mlangoni, paji la uso likitoka damu, tope hadi magotini, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Masanduku kwanza. Yaliyoko kwenye kiti ni dripu." Tulipokwisha kuyapakia ndipo alipotutazama mmoja mmoja. "Mmefikaje upesi namna hii?"

Mama ndiye aliyejibu. "Tupo tangu asubuhi."

Jioni, chupa zikiwa zimening'inizwa kwenye kenchi za paa la zahanati na wagonjwa wakianza kurudiwa na sauti, nilimweleza yote. Hakucheka wala hakunikatiza. Asubuhi ile, alisema, ndege ilikuwa bado chini ya turubai bila betri, na yeye alikuwa mezani na mkewe. Mkewe alikuwa ametoka zamu ya usiku, akataja kwamba dripu zipo stoo na hakuna wa kuzipeleka. Baadaye sana shemeji aliniambia mwenyewe: "Mimi ndiye niliyezitaja. Sikumwambia aende, shemeji. Sikumwambia asiende. Nilizifunga kwenye kiti kwa khanga yangu nikarudi ndani." Huku bara mawingu yalikuwa yamelala juu ya barabara, njia ilikuwa ya pwani tu. Injinia alijaza tenki, akangoja hadi saa ya maji kupwa ili kuwe na tope la kuangukia, akaruka. Alitumaini kutua kwenye kipande cha barabara kilichobaki kikavu juu ya kijiji.

Kesho yake maji yalipotoka tena, aliingiza mkono ndani ya tenki na kuitoa siri ya ugonjwa wake: ulimi wa gundi ya kuzibia maungio, mwembamba kama jani, ulioachana na ukuta upande mmoja; tenki likiwa tupu ulijibanza ukutani, jicho lisiuone. Tenki likijaa, ulielea juu. Petroli ikipungua kufikia kiwango fulani, na ndege ikainamia kulia, ulilala juu ya tundu la kutolea na kuliziba. Injini ikizima, mvuto unakwisha, ulimi unaelea tena. Kwa kuwa siku zote alianza na tenki lililojaa na kufuata njia ileile, kiwango hicho kilimkuta palepale. Na zile safari za kupona? Alikaa juu ya bawa lililovunjika akifikiri, kisha akasema, "Nilikuwa nageukia kushoto. Woga uliubadilisha mkono wangu, nami sikuuona. Siku ya dripu mto ulinigeuza kulia tena, nami nilikuwa chini mno, injini haikuwahi kuwaka." Akaufunga ule ulimi kwenye leso. Nikamwuliza, na ule mlio wa asubuhi je? Alitia leso mfukoni. "Matatizo yalikuwa mawili. Moja nimelipata. La pili sina kipimo chake, na sitadanganya kwamba ninacho." Ndege haikuruka tena; maji ya chumvi yaliila injini, na vipande vilivyobaki viliishia bandarini.

Nimefanya kazi ya kalamu miaka mingi, na nimeona tunavyopenda neno hili: imekaa sawa yenyewe. Jenereta ya mji inazima majuma mawili, siku moja inawaka, tunapiga makofi, hakuna anayeuliza. Mwalimu mkorofi anatulia, ukuta unaovuja unakauka, mtoto aliyekuwa akipiga kelele usingizini ananyamaza, nasi tunalala. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila sisi kimya tunakipokea kama malipo. Upande wa pili wapo walioisikia habari hii mdomoni mwangu wakaikata haraka kwa neno moja, ama majini, ama njaa na uchovu, ilimradi swali life. Injinia aliishi karibu na swali lake hadi mwisho na halikumzuia kufanya kazi wala kusali.

Katika simu ile shemeji alinieleza kwamba miaka michache iliyopita mkono wa marehemu ulikufa ganzi asubuhi moja, na kabla chai haijapoa ukapona kabisa. Mtu mwingine angekunywa chai yake. Yeye alivaa viatu, akaenda hospitali kuuliza umepona kwa nini. Madaktari walimwambia ni onyo la kiharusi, wakampa dawa, na miaka hiyo michache akaipata, akawaona wajukuu. Ndiyo maana nawaandikia. Kilichokuwa kikikusumbua kikinyamaza chenyewe, msomaji wangu, usikishukuru bado. Kisogelee, uinamishe kichwa, usikilize.